Mluzi wa Usiku wa Ijumaa

Kabla Musiu Garrigue hajashuka Moroni na masanduku yake, Msa wa posta alikuwa mwendawazimu. Aliposhuka, Msa akawa fundi. Alipoondoka, akawa kitu cha tatu, na hicho nitawaambia kwa zamu yake. Mji wetu huu una tabia mbaya: unakumbuka kicheko na kusahau sababu.

Msa alikuwa mtu wa Mutsamudu, mji wa kisiwa cha pili. Vita vya Wazungu ndivyo vilivyomleta Moroni, maana posta ilitaka watu wa simu ya upepo, na yeye alikuwa na sikio. Akaoa hapa, Moinahalima, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, na kama ada yetu ilivyo, akahamia nyumbani kwa mkewe na sanduku lake na msala wake. Nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume anakuja, anakaribishwa, anajua mahali pa kuweka viatu.

Kazi yake ilikuwa kukaa na spika masikioni, kupokea simu za meli na za serikali. Ndipo jioni moja akasikia mluzi. Haukuwa wa mtu. Ulianza juu kabisa, mwembamba, halafu ukashuka, ukashuka, ukazidi kuwa mzito hadi ukazimikia chini. Kisha kimya. Baada ya muda, mwingine. Akazungusha vifundo vyote vya mashine, akang'oa waya na kuurudisha. Hakuna meli, hakuna kituo, na mluzi upo.

Msa, kwa ujinga wa mtu mkweli, akasema. Alimwambia mkubwa wake wa posta, akaambiwa anywe maji mengi. Akasema bangweni, pale uwanjani wanaume wanapokaa baada ya sala, na huko ndiko alikojimaliza.

"Mluzi wa usiku?" wakamuuliza. "Hujafundishwa kwenu? Mluzi wa usiku ni wa majini! Wanakuita, na wewe unawasikiliza kwa mshahara wa serikali!"

Loo, walicheka! Tangu siku hiyo akaitwa Msa Mluzi. Watoto walimpigia miluzi vichochoroni. Jina halikumuuma sana, kwani nani mjini hapa hana jina la utani? Kilichomuuma ni kwamba hakuaminiwa. Alikuwa amesikia kitu kwa masikio yake mawili, na hakukuwa na mtu hata mmoja chini ya jua aliyesema, "Ndiyo, Msa, umesikia." Hata Moinahalima alimwambia tu, "Kama umesikia, umesikia, mume wangu. Ila usiniletee ndani." Huko si kuaminiwa. Huko ni kuhurumiwa, na mtu mzima akihurumiwa kila siku anaoza ndani.

Akaishi hivyo miaka.

Sasa, mwaka ule Warusi waliporusha mwezi wao wa chuma, wataalamu wa dunia nzima walishikwa na homa ya kuchunguza mbingu. Ndipo Garrigue, mtaalamu wa Kifaransa, akaja kutoka Antananarivo, mwembamba, mwekundu kwa jua, na mashine ya kunasa sauti kwenye utepe. Siku ya pili akamwita Msa, akamvisha spika, akabonyeza kitufe.

Mluzi.

Msa alilia. Mtu mzima, mwenye mvi kidevuni, alilia mbele ya Mzungu kama mtoto aliyepotea sokoni na kumwona mama yake.

"Umewahi kuusikia?" Garrigue akauliza.

"Musiu, mimi naitwa kwa jina lake."

Garrigue akamweleza, na Msa akatueleza sisi, kila siku, hadi tukachoka. Ni radi, alisema. Radi inapiga mbali sana kaskazini, huko juu Uarabuni na Iraki. Mwanga wake unaonwa na wa huko, ngurumo yake inasikiwa na wa huko. Lakini radi ina kitu cha tatu, wimbi kama lile la redio, na hilo linapanda juu kupita hewa yote, likaingia kwenye gesi nyembamba iliyojaa umeme inayoizunguka dunia. Kule juu dunia ina mistari ya sumaku yake, inayotoka upande mmoja wa ardhi na kuja kushukia upande wa pili. Wimbi linaushika mstari kama ushanga unavyoushika uzi, linapinda nao juu ya anga, na linashukia kwetu. Njiani sauti zote hazikimbii sawa. Nyembamba zinatangulia, nzito zinachelewa. Ndiyo maana unasikia mluzi unaoshuka.

"Kwa hiyo ni radi ya Uarabuni?" wazee wakauliza bangweni, na safari hii hawakucheka.

"Ya huko huko."

"Subhanallah," wakasema, na mmoja akamsogezea mkeka.

Aliyoyataka Garrigue yalikuwa haya. Wimbi lile huwezi kulipigia hesabu hatua kwa hatua, gesi ya juu inabadilikabadilika na hakuna aliyeifikia. Kwa hiyo unakadiria. Unaikata mbingu matabaka, unajifanya kila tabaka limetulia, unajumlisha. Moinahalima aliposikia hayo alisema, "Kumbe ni kama maji ya wali! Nani anapima? Unatia kidole, maji yakifika kwenye kiungo cha kwanza, funika." Ndivyo hasa. Lakini kidole kinahitaji chungu cha kujaribia. Ikiwa makadirio ya Garrigue ni ya kweli, mluzi mmoja ukisikiwa Moroni na Mutsamudu kwa wakati mmoja, mteremko wake utakuwa karibu sawa kote kuwili. Akahitaji msikilizaji wa pili kule Mutsamudu. Na akasema wazi: kazi ikifaulu, mmoja wao atakwenda naye Antananarivo kujifunza upimaji, na jina lake litaandikwa pamoja na la kwake.

"Nani anafaa Mutsamudu?" akauliza.

Msa hakufikiri hata kidogo. Akamtaja Hamidou.

Hamidou alikuwa mume wa Zoubeida, dada yake Msa, wa tumbo moja. Tena alikuwa hirimu yake, walitahiriwa msimu mmoja kabla Hamidou hajapelekwa Madagaska kusomeshwa na mjomba wake. Alirudi na Kifaransa safi na adabu za Kifaransa kupita Wafaransa wenyewe. Ukimwambia saa mbili asubuhi, anakusahihisha: saa nane! Ukimwambia siku inaanza magharibi jua linapotua, anacheka: siku inaanza katikati ya usiku, bwana, muulize mwenye akili. Mji ukamwita Hamidou Mzungu. Kazi hakuwa nayo. Alikaa nyumba ya mkewe, amevaa soksi.

"Namdhamini," Msa akamwambia Garrigue. "Ni kama mimi mwenyewe."

Neno hilo! Laiti mtu angeweza kulirudisha neno kinywani!

Msa alisafiri mwenyewe kwenda kufunga mitambo. Alipanda juu ya dari, lile paa bapa la nyumba aliyozaliwa, akavuta waya mrefu kutoka ukuta wa dari hadi kwenye mnazi wa mlimani chini ya ngome, Zoubeida akimshikia ngazi na kumtania kwamba amenenepa kwa wali wa Moroni. Walifurahi siku ile. Kinasa sauti kilikuwa kimoja, nacho kilibaki Moroni; Hamidou angepima kwa sikio na saa. Garrigue akawapa sharti moja tu: asimwambie mmoja mwenzake alichosikia kabla yeye hajaona vipimo vya wote wawili. Hapo ndipo ilipo maana yote ya kuwa wawili.

Mchana posta za visiwa viwili zilikuwa na zamu ya kuzungumza kwa sauti. Hamidou akaanza kuja posta ya Mutsamudu zamu hiyo, kusalimia.

"Shemeji, hujambo? Zoubeida anakusalimu. Eti, jana ulipata kitu?"

"Shemeji, tumekatazwa."

"Aa, najua, najua. Nataka tu kujua kama mashine yangu ni nzima. Nisije nikaonekana mjinga mbele ya Mzungu, nikakuaibisha wewe uliyenidhamini."

Maskini Msa. Ukitaka kumwingia mtu, pita mlango aliouacha wazi, na mlango wa Msa ulikuwa kuogopa aibu. Akamwambia. Kesho akamwambia tena. Mwisho ikawa mazoea, anamtajia jioni gani, mluzi wa namna gani, umeteremka kwa muda gani. Moinahalima alipojua alimkemea: "Unampa mtu majibu kabla ya mtihani, kisha unasema mmefaulu wawili? Wewe Msa, kikulacho ki nguoni mwako!"

"Ni mume wa dada yangu."

"Ndiyo nilivyosema. Nguoni."

Vipimo vikaenda kwa Garrigue, na vikafanana ajabu. Mzungu akashangilia. Akaandikia wakubwa zake kwamba makadirio yake yamesimama kwa miguu miwili, Moroni na Mutsamudu.

Halafu ikaja ile jioni. Ilikuwa Alhamisi, jua limetua, misikiti inasoma Yasini kama kawaida. Msa akiwa na spika zake alipata mluzi ambao hakuwahi kuupata, safi, mrefu, peke yake, hauna mkwaruzo hata mmoja. Utepe ulikuwa ukizunguka. Kwa furaha akakisogelea kinasa sauti na kusema kwa lugha ya kwetu, kama walivyofundishwa kutaja siku: "Huu ni usiku wa Ijumaa, baada ya magharibi." Nani kwetu angesema vinginevyo? Usiku hutangulia mchana wake. Alhamisi jua likizama, Ijumaa imeingia. Lakini kwenye karatasi ya Mfaransa aliandika Kifaransa sawasawa: Alhamisi.

Ijumaa ile hapakuwa na zamu, wikendi ikapita, na zamu ya kuzungumza ilipofika akamwambia Hamidou, kwa mdomo, vile vile: "Usiku wa Ijumaa, shemeji! Laiti ungesikia! Au umesikia?"

"Nimesikia, nimesikia," akasema Hamidou. "Wa kwako uliteremka kwa muda gani?"

Garrigue akawaita wote wawili Mutsamudu, kwenye chumba alichopanga karibu na bandari. Uso wake haukuwa wa furaha. Akaweka karatasi mbili mezani.

"Mluzi ni mmoja," akasema. "Saa ni ile ile. Mteremko ni mmoja. Lakini Msa ameandika Alhamisi, na Hamidou ameandika Ijumaa. Mmoja wenu hajui siku."

Msa akatabasamu. Hakuwa na wasiwasi. "Ni Alhamisi, Musiu. Nilikuwa pale."

Garrigue akaweka utepe, akabonyeza. Sauti ya Msa mwenyewe ikatoka: usiku wa Ijumaa, baada ya magharibi. Mzungu alikuwa ameokota maneno ya kwetu ya kutosha kulijua jina la Ijumaa.

"Sauti yako yasema Ijumaa. Karatasi yako yasema Alhamisi."

"Ndiyo, Musiu, ndivyo tunavyohesabu! Kwetu usiku unatangulia. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jioni. Kila mtu anajua, hata mtoto wa chuo cha Kurani." Akageuka. "Muulize Hamidou."

Garrigue akamgeukia Hamidou. "Ni kweli?"

Jamani, fikirini. Mtu aliyezaliwa humu. Mtu aliyekaa miaka akiwadhihaki jirani zake kwa hesabu hiyo hiyo. Hamidou akatazama soksi zake, akasema Kifaransa, polepole:

"Mimi sijui desturi hiyo, Musiu. Siku ni siku."

Hapo Msa akaelewa jambo jingine, na lilimpiga zaidi ya lile la kwanza. Kama Hamidou angeusikia mluzi ule, angejua ni Alhamisi, kwa sababu ilikuwa Alhamisi! Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Aliandika Ijumaa kwa kuwa alilisikia neno Ijumaa kinywani mwa Msa na akalitafsiri kizungu. Hakuusikia. Pengine hakusikia hata mmoja.

Angeweza kulisema pale pale. Mdomo ulifunguka. Lakini akamwona Zoubeida, na nyumba, na mji mzima ukicheka mlangoni kwake, akaufunga.

"Mtu asiyejua leo ni siku gani," akasema Garrigue, kwa uchovu zaidi ya hasira, "hawezi kunipimia kipande cha sekunde."

Msa akatoka. Alipanda vichochoro vya mji wa kale, vile ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani, hadi nyumba ya mama yao. Zoubeida alikuwa darini anaanua nguo. Alikuwa anazianua kutoka kwenye waya. Waya ule ule. Upande wa mlimani ulikuwa umekatwa na kufungwa kwenye msumari, ukuta hadi ukuta, na mashuka ya Hamidou yananing'inia.

"Mashine iko wapi?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Imefunikwa kitambaa cha kutarizi, juu yake sahani ya karafuu.

"Betri?"

"Iko Mirontsy. Waliiazima kwa gramafoni ya arusi, haijarudi."

"Arusi gani? Arusi zimekwisha tangu kabla ya Ramadhani!"

Zoubeida akakunja shuka, akalikunja tena.

"Ulijua," Msa akasema.

"Nilijua."

"Na ulinisalimu kwa mdomo wa mumeo kila siku, nawe unajua."

"Kaka, wewe una kazi. Una mke anayekugombeza kwa mapenzi. Mimi nina mwanamume ambaye mji mzima unamcheka, anashinda akitazama ukuta. Kwa mara ya kwanza nilimwona anaamka, ananawa, ana mahali pa kwenda. Ningesema nini?"

"Ungeniambia mimi! Mimi pia mji ulinicheka, Zoubeida. Mimi nilichekwa kwa kweli niliyoisikia. Twende kwa Mzungu. Neno moja tu. Mwambie waya umekatwa."

"Nikamuumbue mume wangu mbele ya Mfaransa? Kisha nirudi humu nikakae na nani? Na wewe?"

"Yule ni mtu baki," Msa akasema. "Mtu baki akinisaliti, namshtaki kwa Mungu, yamekwisha. Lakini mimi na wewe tumenyonya ziwa moja." Akashuka ngazi. Zoubeida alimwita mara moja kutoka darini, kwa jina la utotoni, na hakugeuka.

Hakusema kwa Garrigue wala kwa mtu. Mashine ya Moroni ilifungwa sandukuni, na Hamidou akaondoka na Mzungu kwenda Antananarivo, amevaa soksi mpya.

Na huku kwetu? Aibu naisema mimi. Habari ilifika bangweni, na wale wale wanaosoma Yasini Alhamisi jioni na kuiita usiku wa Ijumaa, wale wale, walimcheka! "Msa asiyejua siku!" Hakuna aliyesema, "Mbona hata sisi twahesabu hivyo?" Mzungu alikuwa amekwisha sema, na neno la Mzungu wakati ule lilikuwa na uzito kuliko kalenda ya babu zetu. Moinahalima peke yake ndiye aliyepita uwanjani na kapu lake kichwani na kuwaambia wazee, "Basi kaswalini Ijumaa yenu Jumamosi!" Wakainamisha vichwa, lakini jina likabaki. Hicho ndicho kitu cha tatu alichokuwa Msa.

Alirudi kwenye kiti chake cha posta. Kwa vyuma vibovu vya redio za kale akajitengenezea kikuza sauti chake, akavuta waya juu ya paa la mkewe kwa ruhusa yake, na baada ya magharibi akawa anasikiliza. Hakumwambia mtu. Majirani walidhani anasikiliza Kairo.

Msimu wa pili wa radi za kaskazini, jioni ya Alhamisi, ulikuja mluzi ambao hata Garrigue hakuwahi kumsimulia ila kwa kutamani. Ulishuka, ukazima. Kisha ukarudi, mrefu zaidi, umechoka zaidi, maana ulikuwa umegonga ardhi ya kwetu, ukapanda mstari ule ule hadi Uarabuni na kushuka tena. Kisha ukarudi mara nyingine, mrefu mno, hadi Msa akawa anashika pumzi kuusubiri umalizike. Akamwita Moinahalima, akamvika spika. Mwanamke yule akasikiliza, akakaa chini sakafuni.

"Umesikia?" akamuuliza.

"Nimesikia, mume wangu," akasema, na machozi yakamtoka. "Nisamehe."

Kesho yake asubuhi posta iliita: Antananarivo inamtaka Msa kwa sauti. Alikuwa Hamidou. Sauti yake ilikuwa ya haraka, imekauka.

"Shemeji, hujambo? Sikiliza. Hesabu za Musiu zinasema msimu huu mluzi utatokea wa kurudirudi, kwenye mstari wa kwenu. Wakubwa wanakuja kutoka Paris, na hapa hatujapata kitu. Akikosa, wanafunga kazi, na mimi narudi kukaa darini. Najua wewe husikiliza, hukuweza kuacha. Usiku wa Ijumaa huu uliopita, yaani Alhamisi jioni, umepata chochote?"

Usiku wa Ijumaa, yaani Alhamisi jioni. Kumbe alijua kulisema.

"Safari hii jina lako nitaliandika, wallahi. Shemeji? Unanisikia?"

Miluzi ilikuwa bado masikioni mwa Msa, yote mitatu. Akafikiri juu ya Garrigue, ambaye makadirio yake yalikuwa ya kweli na hatajua. Akafikiri juu ya waya wenye mashuka.

"Sikusikia kitu," akasema.

"Hakika?"

"Kimya kitupu."

Upande wa pili Hamidou alivuta pumzi ndefu. "Basi," akasema. "Ungekuwa mtu mwingine ningeuliza tena. Lakini wewe nakuamini."

Msa akazima mashine, akavua spika, akaziweka mezani polepole. Lile neno alilolisubiri miaka yote lilikuwa limesemwa. Akaketi pale hadi adhana ya Ijumaa, na siku ile hakwenda msikitini.